Jirani aliomba pince, nikamupa tire-ligne

Leo jirani ameomba pince ya kung'oa nyusi, nikamupa chombo changu cha kuchora plan za nyumba. 😅

Musinicheke kwanza.

Alikiona dirishani: midomo miwili ya chuma na vis ndogo ya kuzungusha ili kuibana. "Maman, niazime ile pince yako."

Ni tire-ligne. Inabeba wino, inachora mustari mwembamba kama unywele. Siku hizi wote wanachora kwa mashine, kwa ordinateur, hakuna anayeijua tena.

Nilitaka kumwambia. Lakini tangu watoto wangu wahamie Kinshasa, hakuna mutu anaingia kwangu.

Nikamuonyesha kiti: "Ikala hapa, mutoto wangu."

Tukakaza vis. Haikushika hata unywele moja! Tukajaribu tena, wino uliobakia ndani ukamuchora mustari mweusi juu ya jicho. Akajiangalia kwa telefone.

"Maman! Hii haiko pince!"

"Haiko."

"Sasa juu ya nini haukusema?"

Nikachukua kitambaa, nikamupangusa wino.

Akaangalia viti vingine, vyote vitupu. Akavuta kiti chake karibu. "Basi nionyeshe vile inachora."

Nimemuchorea mustari moja. Alipoenda, nimechora mingine peke yangu, mpaka karatasi ikajaa.

Na ninyi, leo nani amewapigia hodi?