Hasira za Watu Nyumbani kwa Mama Kimya

Wenzake kazini walimbandika jina la Mama Kimya, kwa kuwa hakujaliwa mtoto na nyumba yake haikuwa na kelele. Siku hiyo alicheka nao. Jina likamganda, hadi msimamizi wao akawa analiandika kwenye ratiba.

Kazi yao ilikuwa kupokea simu za wateja wa kampuni ya maji. Bomba likikauka au mita ikigoma, mtu hupiga, na mmoja wa wafanyakazi sita humjibu. Tangu ofisi ilipoezuliwa paa ili itengenezwe, kila mmoja alijibu akiwa kwake. Ndipo msimamizi alipopanga hivi: wenye watoto wapokee maswali mepesi, na saa tisa wafunge wakaangalie watoto wao. Wateja wenye hasira, wale wanaofoka kabla ya salamu, wapelekwe kwa Mama Kimya hadi saa kumi na mbili, maana kwake kuna utulivu.

Mwanzoni aliona ni heshima. Alikaa kwenye meza ya marehemu mama yake, dirisha upande wa kulia, pazia jeupe likipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala, akajibu taratibu hadi mtu akapoa. Lakini mtu akishapoa hukata simu akaenda zake. Hasira ilibaki. Mama Kimya aliiona ikikaa kwenye kochi, ikiegemea ukuta wa jikoni, ikijificha kwenye mikunjo ya pazia. Akipika, sauti ya bwana mmoja aliyepiga asubuhi ilimuuliza kutoka ndani ya sufuria, "Mnatuona sisi ngamia?" Na kile kimya alichokipenda tangu utotoni, cha saa tisa jua linapoingia hadi sakafuni, kilikuwa kimehama bila kuaga. Alitaka kirudi. Hakutaka kingine.

Basi Ijumaa, kwenye kikao chao cha simu, kwa mmoja maji yakichemka, kwa mwingine mtoto akikariri hesabu za mara saba, aliomba naye awe anafunga saa tisa. Baba Mapacha, mtani wake wa siku nyingi, akacheka.

"Dada, saa tisa unakimbilia wapi? Huna hata paka wa kukulilia."

Wengine wakaguna. Msimamizi akakohoa, akasema nafasi hiyo ni ya wazazi.

Mama Kimya alilitazama pazia. "Baba Mapacha, ukishatukanwa kwenye simu, unafanya nini?"

Akafikiri. Akasema mapacha wake wa miaka mitatu humvamia, mmoja anataka kufungwa kiatu, mwingine kubebwa, na matusi anayasahau palepale.

"Kwangu hakuna wa kuyafukuza," alisema. "Yanabaki humu humu. Huu ni mwezi wa nane tangu tuanze kujibu simu nyumbani."

Yule mtoto wa hesabu alifika saba mara saba, akakwama.

Msimamizi hakukubali yote. Alimruhusu kufunga saa tisa Jumanne na Alhamisi, na simu za hasira wagawiwe wote, kwa majaribio. Baba Mapacha alinung'unika kwamba wateja watasikia vilio vya watoto. Jumanne asubuhi, simu ya kwanza ya ukali ikamwangukia yeye, na mapacha wakaanza kugombania kikombe. Mteja alikuwa ananguruma, akasita. Akauliza huyo mtoto ana nini. Wakaishia kuongea habari za watoto kuota meno.

Baba Mapacha mwenyewe ndiye aliyempigia Mama Kimya kumsimulia. Akamalizia kwa sauti ya chini, "Kumbe ulikuwa umetubebea wote, dada. Nisamehe lile neno la paka."

Saa tisa ilipofika, Mama Kimya alizima simu, akafungua dirisha, akaketi chini. Wale wenye hasira waliokuwa kwenye kochi wakaanza kuinuka, mmoja mmoja, kama wageni waliokumbuka kwamba njia ni ndefu. Yule bwana wa ngamia alitoka wa mwisho. Pazia likatulia. Jua lilikuwa limejikunja sakafuni kama paka, naye akaweka mkono juu yake, akaona lina joto.