Mwanangu Aliishi Dakika Arobaini

Niliamshwa na kilio cha mwanangu. Nilipofumbua macho, wakaniambia hajawahi kulia.

"Nusu kaputi hiyo," mkunga akasema. "Ulikuwa unaota, dada. Mtoto alitoka ameshafariki."

Nilikuwa nimetoka kupasuliwa. Nikamtazama mama yangu mzazi, kando ya kitanda. Akainamisha kichwa.

Niamini? Thubutu!

Wiki mbili maziwa yananitoka, wa kunyonya hayupo. Kila nikitulia namsikia. Nikaanza kujiona nimechanganyikiwa.

Siku ya kutoa nyuzi nikapitia kwa karani wa kumbukumbu. Akafungua faili langu, akalisoma mara mbili.

"Dada, huku umeandikiwa umezaa mfu. Ila karatasi ya chumba cha upasuaji inasema mtoto alilia kidogo, akasaidiwa kupumua dakika arobaini, ndipo akafa."

"Maana yake nini, kaka?"

"Mtoto akivuta pumzi hata moja, au moyo ukipiga, huyo kazaliwa hai. Akifa, anahesabiwa kifo cha mtoto mchanga. Mfu ni yule aliyetoka bila dalili yoyote ya uhai. Hawawekwi hesabu moja hawa."

Kumbe sikuwa kichaa!

Nikamvaa mkunga palepale wodini.

"Mlikuwa mnakwepa nini?"

Akanivuta pembeni. "Kamuulize mama yako. Alinipigia magoti."

Mama alikuwa nje kwenye benchi, amekumbatia mkoba wangu. Hakukataa.

"Kabla yako nilizaa mwingine," akasema. "Aliishi siku mbili. Miaka thelathini sasa, mwanangu, bado namuuguza kichwani. Nikaona wewe bora uambiwe hakuwahi kuvuta pumzi."

Nikalia mpaka mshono ukauma. Nilitaka kumpiga, nilitaka kumkumbatia. Sikuweza hata kimoja.

Nilidai kitabu cha vizazi cha hospitali kirekebishwe. Kilipoandikwa kifo cha mtoto mchanga, ikabidi hospitali iitishe kikao, iulize kilichomuua.

Ikagundulika barakoa ndogo ya kumpulizia mtoto hewa ilikuwa imepasuka. Walimvisha ya mtu mzima, hewa yote ikavujia pembeni.

Ilipasuka miezi miwili nyuma. Hakuna aliyeuliza.

Sasa zimeletwa mpya. Wangu harudi.

Ndugu zangu, mkimpoza aliyefiwa na kichanga, msimwambie hakuwepo. Aliyevuta pumzi aandikwe alivuta. Ukishamfuta kitabuni, nani atauliza alikufaje?