Ersilia Bonfadini na Kengele ya Saa Sita

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Ersilia Bonfadini kilikuwa miguu yake. Alikuwa amevaa viatu, na juu ya viatu hivyo amevaa soksi nene za sufu za marehemu mumewe, moja ya kijivu na nyingine ya kahawia. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa kanisa la Roncabruna, shahada yangu ya muziki ya Padova bado inanukia wino, na kwa kweli nilidhani nimekutana na mgonjwa.

"Vua viatu au rudi ulikotoka," aliniambia kwa mnong'ono. "Wanarekodi."

Nilivua. Huu ni mwaka wa nne, na sijarudi nilikotoka. Nafundisha muziki katika shule ya bonde hili, na kila majira ya kuchipua, wanamuziki wanapopanda mlimani kurekodi kanisani mwetu, mimi huketi kando ya Loris Pavanello, fundi wa sauti, nikiandika katika daftari namba ya kila jaribio na kilichoharibu. Daftari hilo ni historia nzima ya kijiji. Jaribio la tatu: punda wa Bepi. La saba: njiwa. La kumi na moja: Don Olindo, padri wetu, kapiga chafya akiwa nyumbani kwake, ng'ambo ya uwanja.

Wanamuziki hawa hupiga nyimbo za watunzi wa Venisi waliokufa karibu miaka mia tatu iliyopita, tena kwa vyombo vya namna ile ile vya zama zao: filimbi ya mbao iliyochongwa kwa mkono, kinanda cha nyuzi, na fidla kubwa ya kubanwa kwa magoti, yenye nyuzi za utumbo wa kondoo. Vyombo hivi vina sauti tamu lakini ndogo. Nzi akikohoa, anasikika. Ndiyo maana wanamhitaji Ersilia.

Kikazi yeye ni mtunza kanisa kama baba yake kabla yake: anafagia, anawasha mishumaa, anavuta kamba ya kengele. Lakini wiki ya kurekodi hugeuka jemadari. Huwamwagia njiwa mahindi katika shamba la mbali ili wahame. Humbembeleza Bepi ampeleke punda kwa dada yake. Wakata nyasi huwaambia kwamba nyasi za Roncabruna zina haki ya kupumzika. Anaijua kila bawaba inayolia kijijini, na mfukoni ana kichupa cha mafuta ya zeituni kwa ajili hiyo.

Kwa diski nne alifanya kazi hii, na kwa diski nne jina lake halikuchapwa katika kijitabu cha shukrani kinachowekwa ndani ya kasha. Don Olindo alishukuriwa. Benki ya bonde ilishukuriwa. Na katika diski ya nne alishukuriwa Norma Scapin, mwenye baa ya uwanjani, "kwa kahawa na mikate". Norma aliukata ukurasa ule, akautia fremu, akautundika juu ya mashine ya kahawa.

"Karibu Ersilia," alikuwa akisema kila asubuhi, akiifuta fremu kwa kitambaa. "Samahani, nasafisha jina langu. Vumbi nalo linapenda majina makubwa."

"Mikate yenyewe ilikuwa ya juzi," Ersilia alijibu.

"Ya juzi, lakini imeingia kitabuni. Wewe usiye wa juzi umeingia wapi?"

Asubuhi moja ya wiki ya kurekodi, Ersilia alikunywa kahawa yake kwa funda moja, akatoka bila kuaga. Miaka sitini na minne, mwanamke asiyemwogopa askofu, na nilimwona akiikimbia fremu.

Jioni ile alimvizia Loris mlangoni. Loris si mtu mbaya. Ni msahaulifu tu, kama watu wengi wanaoishi na visikilizio masikioni.

"Loris, mwanangu, mimi ni nani hapa?"

"Sinyora Ersilia, bila wewe hatuna kitu."

"Basi niandike."

Loris akashika kichwa. "Hujaandikwa? Sinyora! Sikiliza. Jumamosi tunarekodi sonata ya mwisho, ile ya polepole. Nipatie ile ikiwa safi, na jina lako linaingia."

"Kwa herufi kubwa?"

"Kubwa."

"Kubwa kama za Norma?"

"Kuliko za Norma."

Jumamosi ilianza vibaya. Usiku mvua ilinyesha, na unyevu ukaingia katika nyuzi za fidla, zikawa zinalegea kila baada ya mistari miwili. Jiko hatukuweza kuliwasha kwa sababu kuni zinatatarika. Maddalena Zorzetto, mpiga filimbi, alikuwa ameibana filimbi kwapani ili mbao ipate joto, akizunguka kanisani kama mwenye homa. Ilipopata joto, fidla ikalegea. Fidla ilipokazwa, filimbi ikapoa. Daftari langu lilifika jaribio la kumi na tisa. Na ilikuwa lazima waondoke saa saba, maana usiku walikuwa na onyesho Venisi.

Saa sita kasoro dakika tatu, ghafla, kila kitu kikakubaliana. Fidla ikanyooka. Filimbi ikatoa sauti nene, tamu, kama mtu anayesimulia jambo zuri huku amefumba macho. Loris akainua kidole: twende, tusisimame.

Nikageuka kumtazama Ersilia. Alikuwa amesimama chini ya mnara, kamba ya kengele mbele ya pua yake.

Siku zote tulisimama kabla ya saa sita, kengele ikapigwa, tukaendelea. Sonata ile ilihitaji dakika kumi na mbili. Ersilia alitazama saa ya ukutani, akatazama kamba, akamtazama Maddalena. Kisha akaweka mikono yake nyuma, mmoja ukiushika mwingine kama polisi na mwizi. Saa sita ikafika. Ikapita. Tangu vita viishe, kengele ya saa sita haikuwahi kukosa hata siku moja.

Tulichosahau sote, naye Ersilia akiwemo, ni tambi. Roncabruna hakuna anayetazama saa kwa ajili ya chakula cha mchana. Maji yanachemka, mama anasimama na tambi mkononi, kengele inalia, tambi zinaingia. Siku ile kina mama walisimama jikoni na tambi mkononi, mvuke ukiwapanda usoni, wakisubiri. Dakika moja. Mbili. Tano. Wakachungulia madirishani, wakaulizana kwa ishara, kwa kuwa Ersilia alikuwa amekataza kelele. Kisha wakatoka nje, wakafikia uamuzi mmoja tu uliowezekana.

Maddalena alikuwa kwenye noti ya mwisho kabisa. Akaishikilia, akaiachia, nayo ikaelea juu kwenye mawe ya dari ikianza kufifia taratibu. Hapo mlango ukafunguka kwa kishindo.

"Ersilia kafa!" alipiga yowe Norma, upawa mkononi, machozi yakimtiririka. Nyuma yake kijiji kizima. "Maskini Ersilia wangu! Na asubuhi nilikuwa namkejeli! Mungu nisamehe, ile mikate ilikuwa ya juzi kweli!"

"Norma," alisema maiti kutoka chini ya mnara, "nitakuua kwa mikono yangu."

Norma akamwona, akamkumbatia, halafu akampiga upawa begani. "Mwendawazimu wewe! Umetutia hofu! Kengele iko wapi? Nina tambi za watu kumi na wanne!"

Mimi nilikuwa nimeandika: jaribio la ishirini, kifo cha Ersilia.

Loris alivua visikilizio polepole. "Noti zote safi," alisema. "Nzuri kuliko zote nilizowahi kurekodi. Lakini mwangwi wa noti ya mwisho umekatwa katikati na huyu mama."

"Turudie," alisema Ersilia.

Maddalena aliigeuza filimbi, maji yakadondoka. "Imelowa, sinyora. Leo haitaimba tena."

"Kuna njia moja," Loris alisema. "Nirekodi dakika mbili za ukimya wa kanisa hili, hewa hii hii, nijaribu kuziba pale. Ikiungana, jina lako linaingia. Isipoungana, sonata hii inaondolewa kwenye diski, nami sitakuwa na sababu ya kukuandika."

Ersilia akawatoa watu wote hadi uwanjani. "Msimame mlipo. Atakayepumua kwa mdomo, nitamkumbuka siku ya mazishi yake." Wakasimama watu hamsini, wengine na aproni, mmoja na kolifulawa, kama waliogandishwa. Mahali fulani sufuria ilifurika juu ya jiko, tukainusa harufu yake, hakuna aliyesogea. Norma alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Mimi sijawahi kusikia ukimya mkubwa namna ile.

Jioni Ersilia alikwenda kuungama. Don Olindo alimwambia kwamba kunyima kijiji kengele hakumo katika orodha yake ya dhambi, ila yeye mwenyewe amekula tambi zilizorojeka, na kwa hilo Ersilia asali rozari mbili.

Ilikuwa Aprili. Sasa ni Oktoba. Jumanne Loris alipiga simu baani kwamba kifurushi kimetumwa.

"Imeungana?" aliuliza Norma, maana ndiye aliyewahi kuishika simu.

"Fungueni mtaona," alisema Loris, akakata.

Leo ni Ijumaa, na tuko wote baani. Ersilia amevaa gauni la Pasaka na kukaa karibu na dirisha, miwani imeshapanguswa mara tano. Norma hajamtania tangu asubuhi. Kamletea kahawa bila kuombwa, na mkate, akaapa kwamba ni wa leo.

"Wasipoliandika?" Ersilia ameniuliza kwa sauti ndogo.

Nimemsogezea mkate. Bepi, aliyesimama mlangoni, amepaza sauti kwamba gari la posta limekwisha kupita kinu cha zamani. Zimebaki kona mbili.