Tulivyoishiwa maji jangwani, mimi na mke wangu, na RV yetu ya kukodi

Wakuu, salaam kwenu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe mwaka huu, sijatia chumvi. Mke wangu ameyasoma kabla sijapost na amefuta sehemu mbili.

Mimi ni mtu wa Mombasa, nakaa Hopkins, Minnesota, naendesha lori la mizigo. Mke wangu Zuhura anafanya kazi hospitali moja kule Coon Rapids. Kuinua wagonjwa, kuwageuza, kuwasukuma kwenye viti. Miaka minne hajachukua likizo ya maana.

Juzi juzi akapata siku tisa. Nikakodi RV, ile nyumba ya magurudumu, nikafunga baiskeli mbili nyuma. Ya pili niliifunga kwa matumaini tu. Safari ni hifadhi moja ya jangwani, mbali huko kusini magharibi.

Yeye alitaka kubaki nyumbani alale.

"Baba Swaleh, mimi nshachoka. Hilo jangwa lina nini?"

Nikaapa kwamba hatainua hata kijiko. Asipopumzika, asinisikilize tena habari za safari maisha yake yote. Watoto tukawaacha kwa dada yake anayekaa mtaa wa Frogtown, tukaondoka.

Siku mbili na nusu za ku-drive, yeye kalala nyuma.

Getini ranger, yule mlinzi wa hifadhi, alituambia maji yako pale tu, kambini hakuna. Nikamjibu no problem, tanki limejaa. Dereva mzoefu, utamwambia nini?

Sasa wakuu, sisi watu wa pwani na maji mnatujua. Mchele niliosha mara tatu. Udhu bomba wazi. Kuoga jioni, kuoga asubuhi. Chooni kopo halikosi. Vyombo nikaviosha mwenyewe kwa madaha, bomba linatiririka, si niliapa?

Siku ya pili asubuhi bomba likakohoa, likanyamaza. Tumebaki na chupa mbili za kunywa.

Kutoka kambini hadi getini ni maili saba za mawe matupu. Tulipoingia na RV ilitutikisa mpaka mlango wa kabati ukang'oka, sikuthubutu kuirudisha njia ile kabla ya siku ya kuondoka. Niliona aibu, wakuu. Likizo ya miaka minne nimeiharibu kwa mikono yangu, na najua sitapewa nyingine.

Nikaanza kufunga vidumu vinne kwenye baiskeli. Nikamwambia alale, narudi sasa hivi.

Akatoka amevaa viatu vyake vya kazini.

"Viwili nipe mimi."

"Lakini umekuja kupumzika, Mama Swaleh."

"Usingizi nimeumaliza njiani. Kila siku nasukuma watu. Leo wacha nijisukume mwenyewe."

Miaka kumi na sita ya ndoa, sikujua huyu mwanamke anaiweza baiskeli! Kumbe utotoni alikuwa akiiba ya kaka yake. Kilima cha kwanza tu kaniacha, mimi na kitambi changu cha lori nahema.

Miamba myekundu kila upande, sungura wenye masikio marefu, barabara hakuna mtu. Kwenye mteremko akaachia breki, akacheka kwa sauti peke yake. Kicheko kile nilikuwa sijakisikia muda mrefu nyumbani kwetu. Machozi yalinitoka, nikasingizia mchanga.

Ranger alipotuona na vidumu akatuonea huruma. Akasema kila asubuhi atatuletea maji kambini kwa gari lake. Nikafungua mdomo nimshukuru.

Zuhura akaniwahi. "No, thank you. Tutakuja wenyewe."

Na tulikwenda kila asubuhi mpaka siku ya kuondoka. Njia za pembeni zote tumezijua kwa sababu ya maji yale. Na nimejifunza kuoga kwa nusu kidumu.

Funzo langu: nilimpangia mke wangu mapumziko kama napanga mzigo kwenye lori, sikumuuliza anayataka vipi. Nilidhani kachoka na kazi, basi akae tu ahudumiwe. Kumbe alichokosa miaka yote hiyo ni kwenda mbele bila kumbeba mtu.

Wenye wenza wa kazi za shift, nyie mnawapumzisha vipi? Na wajuzi wa RV, niambieni tanki la galoni ngapi linamtosha Mswahili. Uwanja ni wenu.