Uwanja Alioufagia Shangazi

Shangazi yangu alikuwa dobi, na hakuona haya kusema hivyo mbele ya mtu yeyote. "Uchafu wa watu ndio ulionisomeshea mtoto," alizoea kusema huku akininyooshea kidole. Wageni walicheka, nami nikatamani ardhi ipasuke initie ndani. Nilikuwa mtoto wa kaka yake, nikaachwa kwake hata meno sijaota.

Kazi yake ilikuwa mashuka ya nyumba za wageni na ya zahanati. Kila shuka alilitia mshono mdogo kwenye pindo, uzi mwekundu kwa huyu, wa kijani kwa yule, na katika miaka thelathini hakuwahi kumrudishia mtu shuka la mwenzake. Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili vilivyojibana pembeni mwa kiwanja. Kwingine kote zilikuwa kamba, sita, kutoka ukuta hadi ukuta. Mashine hakuwa nayo. Alikuwa na jua.

Nilipokua niliajiriwa na baraza la mji kupima viwanja. Mwaka ule likapitishwa jambo jipya: kiwanja kitupu katikati ya mji, au kilicho kitupu sehemu kubwa, kilipe kodi mara tatu, na atakayejenga ghorofa asamehewe kodi miaka kumi. Sikuona ubaya wake na mpaka leo siuoni. Watu walikuwa wakitembea saa mbili kuja kazini, huku magugu yakistawi mjini kwenye viwanja vya wenye navyo. Uwanja wa kazi, kama wa gereji au wa seremala, ulibaki kwenye kodi ya zamani. Ilitosha mpimaji aandike "kazi" na kupiga picha.

Mtaa wa shangazi ukaangukia zamu yangu. Nikamwambia tungefika Jumanne, mimi na mkuu wangu, na hapo ndipo mapenzi yalipomponza. Asubuhi ile alianua mashuka yote, mengine mabichi, akayarundika chumbani. Akafungua kamba na kuzikunja. Akafagia uwanja mpaka ukang'aa, akavaa gauni lake la kutokea, akasimama mlangoni.

"Karibu, baba," alimwambia mkuu wangu. "Huyu unayemwona nimemlea mimi. Sikutaka aje na bosi wake wakute nguo za watu zimetapakaa."

Mkuu akatazama huku na huku. "Kitupu hiki," akasema. "Au siyo?"

Alikuwa ananiuliza mimi. Neno moja tu lingetosha. Lakini ofisini walikwishaanza kunitania kwamba nitawabeba ndugu zangu, nikaingiwa na woga. "Kitupu," nikajibu, nikapiga picha. Shangazi alisogea akatabasamu ili naye atokee.

Barua ya kodi ilipofika aliiweka mbele yangu. "Mwanangu, hii siiwezi. Nasikia mtu anaweza kukata rufaa?"

"Siku zimeshapita, shangazi."

Nilimdanganya. Zilibaki siku kumi na mbili. Rufaa ingemleta mpimaji mwingine, na huyo angeyakuta mashuka kambani, nami ningeulizwa.

Basi kodi ikamshinda, akampa kiwanja mkandarasi, naye akabomoa, akajenga ghorofa nne, akampa shangazi fleti moja ya juu. Familia kumi na tano zinaishi pale, watoto wanakwenda shule kwa miguu, na ninafurahi kwa ajili yao. Shangazi alijaribu kuanika kibarazani, majirani wa chini wakalalamika kwamba maji yanawadondokea. Wateja wakamhama mmoja mmoja. Mwanamke ambaye sikuwahi kumwona amekaa kitako mchana akawa anashinda kwenye kiti, mikono mapajani, akikunja na kukunjua pindo la gauni.

Majirani wa zamani waliponilaumu, aliwakatiza. "Mwacheni mwanangu. Kosa ni langu na kiherehere changu. Ningeacha mashuka kambani angeona kazi, angeandika kazi. Nani alinituma nifagie?"

Nilikuwa nimekaa palepale, kikombe mkononi. Nikaendelea kunywa chai yangu.

Hakumaliza mwaka wa pili kule juu. Siku zake za mwisho alinishika mkono akaniomba nimsamehe, kwa kuwa alianua nguo Jumanne ile na kunipotezea urithi.

"Nimekusamehe, shangazi," nikamwambia.