Miguu Mbele

Usiku ule mama aliingia kwa mlango wa jikoni bila kubisha hodi, kama mtu aliyetoka kuchimba tangawizi akakuta mvua inaanza. Alisimama akikung'uta udongo miguuni. Nilijua amekufa. Nilijua pia kwamba si adabu kumkumbusha.

Lakini kwanza niseme nililalaje, maana usingizi wenyewe haukuwa wa amani.

Mdogo wangu Nakijwa alikuwa amekuja nyumbani, huku juu milimani Upare, na machela mgongoni. Anasoma mjini, shahada ya uzamili ya ubunifu. Alipoanza masomo hayo nilidhani ubunifu ni mambo ya magauni, nikamwuliza atanishonea koti lini. Alicheka mpaka simu ikakatika. Mimi niliishia darasa la sita. Baba alitangulia, mama akamfuata, na mtu mmoja alipaswa kubaki na jembe. Niliyezaliwa kwanza ni mimi. Sijawahi kuona kwamba nilionewa. Naki tangu mdogo hakuweza kukiacha kitu bila kukifungua aone ndani kuna nini: taa ya chemli, redio ya jirani, hata kufuli la kanisa. Mtoto wa namna hiyo humwachi alime tu.

Kazi yake ya mwisho chuoni ndiyo hiyo machela. Ina mabomba mepesi, turubai, mikanda ya kuvaa mabegani, na sehemu ya kichwa inayoinuka. Ameibuni kwa ajili ya vijiji kama chetu, ambako gari halipandi na mgonjwa hushushwa kwa mabega ya watu hadi barabarani. Walimu wake wanataka kuona picha za watu wa mlimani wakimshusha mtu kwa machela hiyo, kwenye njia yao wenyewe. Bila hizo kazi haikamiliki, na kazi isipokamilika shahada hakuna.

Watu walikataa.

Machela yenyewe hawakuikataa. Mcharo, jirani yangu, anayeongoza wabebaji hapa kwetu, aliyapapasa yale mabomba akasema hata mama mkwe wake angeshuka nayo na unene wake wote. Walichokataa ni namna ya kumlaza mtu. Ili kichwa kiwe juu wakati wa kuteremka, mgonjwa lazima atangulize miguu. Na kwetu anayetanguliza miguu ni maiti. Aliye hai hutanguliza kichwa, mteremko uwe mkali namna gani.

"Basi nibebeni mimi," Naki aliwaambia.

"Wewe?" Mcharo akasema. "Tukubebe miguu mbele, mchana kweupe? Halafu urudi mjini upate hata mafua, atalaumiwa nani? Weka gunia la mahindi."

"Gunia nilishaweka, kaka Mcharo. Walimu wanasema gunia haliwezi kusema linaumia wapi."

"Basi waje walale wao!"

Watu wakaangua kicheko. Mcharo akanigeukia. "Eliamini, mdogo wako anataka kutuzika tukiwa hai. Tena ametuchora kwanza kwenye karatasi zake!"

Naki hakucheka. Alinitazama mimi. Alikuwa akingoja neno langu, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wake, na nikisema jambo Mcharo husikiliza. Nilichukua jembe langu nikaenda shambani. Jioni aligusa makande kidogo, akasukuma bakuli. "Kesho asubuhi naondoka, kaka. Nitawaambia haikuwezekana. Na kama haikuwezekana, sioni nirudi darasani kufanya nini." Akaenda kulala.

Kicheko cha watu hakikunitisha. Kilichonifunga mdomo ni mama. Alishushwa kwa njia hiyohiyo, kwenye kitanda cha kamba kilichofungwa miti miwili, kifua kimembana, kichwa mbele kama anavyostahili mtu aliye hai. Nilitembea ubavuni pake. Alikata roho kwenye kona ya mwisho, pale ambapo ukiinua macho unaiona barabara. Wabebaji walisimama. Walizunguka taratibu na kile kitanda, wakamgeuza. Kule kumgeuza ndiko kulikoniambia kwamba sasa nimebaki mimi na mdogo wangu. Tangu hapo, mtu akitaja miguu mbele, nakiona kitanda kile kikizungushwa.

Ndivyo nilivyolala. Nikageukia ukutani, nikageukia mlango. Upepo ukawa unanyanyua bati na kulirudisha, unalinyanyua na kulirudisha. Ndipo mama akaingia.

"Mmekula?" akauliza.

Nilisema tumekula. Nikavuta kigoda nimpe akae, na kigoda kikawa mchoro. Nikavuta kingine, nacho kikawa mistari ya penseli juu ya karatasi, miguu minne isiyoweza kubeba hata kikombe. Nilitafuta jikoni kote kitu cha kukalia kisichokuwa karatasi. Mama alinitazama tu, akashika kiuno kama aliyechoka, akatoka nje. Nikamfuata.

Nje hapakuwa na shamba. Palikuwa na ukumbi mrefu wenye kuta nyeupe, na michoro ya Naki imetundikwa kuanzia chini hadi nisipofikia kwa macho. Nimevaa kaptura ya shule. Magoti yangu ni ya mtu mzima, kaptura ni ya darasa la sita. Mbele yangu wameketi walimu kwenye meza ndefu, wamenipa migongo. Mmoja anaita, "Nakijwa." Hakuna anayejibu. Anaita tena. Naona aibu kwa ajili yake, nasimama.

"Mimi ni kaka yake."

"Eleza kazi."

Nafungua mdomo, na mdomo umejaa tangawizi mbichi. Inaniwasha ulimi, inaniwasha koo. Natafuna ili nipate nafasi ya kusema, na ninavyotafuna inazidi. Migongo ile inangoja. Namtafuta Naki nyuma ya pazia, nafungua mlango, mlango unafungukia mlango. Huku na huku nasikia watu wakiulizana, huyu naye ni nani, aliingiaje, ana cheti gani.

Ninaporudi, mama amelala juu ya meza yao.

Meza ni kile kitanda cha kamba. Walimu wanainuka, wanageuka, na ni wabebaji wetu, Mcharo amevaa tai. Hakuna anayeshangaa. Sakafu inainama, kuta zinakuwa migomba, na tunateremka. Nimeshika mti wa mbele. Kichwa cha mama kiko karibu na bega langu, kimelala chini kuliko miguu yake, na pumzi yake inanigonga sikioni, fupi, fupi, kama ya mtu anayepanda mlima wakati sisi tunashuka.

Njia haiishi. Tunaupita mfereji, tunaipita nyumba yetu, tunaupita mfereji, tunaipita nyumba yetu. Bega linauma. Kila nikisema tupumzike, miguu yangu inakimbia zaidi.

"Elia," mama anasema. "Nigeuzeni."

"Mama, anayegeuzwa ni maiti."

"Na mimi ni nani?"

Wabebaji wanacheka, kile kicheko cha chini cha matangani, watu wanapokumbuka mzaha wa marehemu. "Mama kakuweza," Mcharo anasema. Sitaki kucheka. Nimeukumbatia ule mti kwa mikono yote miwili. Nasema siwezi. Nasema nikimgeuza atakufa, na mimi nina mtihani kesho, na Naki hajala.

Mama ananyoosha mkono, ananigusa shingo. Vidole vyake ni vya baridi, vina udongo.

"Nilikufa kichwa mbele, mwanangu. Ilinisaidia nini?"

Sijui ni wakati gani tulibadilishana. Ninachojua ni kwamba niliyelala sasa ni mimi. Nimefungwa mikanda kifuani, na ninayemsikia akinibeba upande wa kichwani ni yeye. Harufu ya tangawizi iko nyuma yangu. Kichwa changu kimeinuka. Miguu yangu imetangulia, na kati ya nyayo zangu mbili naona kila kitu. Naona njia inavyopinda, naona jiwe kabla hatujalifikia. Naona kona ya mwisho inafunguka, na chini yake, karibu kabisa, karibu kiasi cha kumwita mtu kwa jina, naona barabara. Gari limesimama na milango wazi. Dereva anafuta kioo kwa kitambaa, ananyanyua kichwa kututazama.

"Mama," nasema, "tumefika! Ile pale!"

Nyuma yangu hatua zinasimama. Nangoja. Upepo unapita kwenye migomba.

"Mimi sikuiona," anasema. Sauti yake haina kinyongo. "Nilikuwa naona milima tu, na nyumba yetu inapungua. Nikadhani bado ni mbali. Nikachoka."

Nataka kumwambia ilikuwa pale. Nataka kumwambia ilibaki kona ile tu. Nakaza shingo nigeuke nimwone uso, mikanda inanishika, nakaza tena.

"Mwambie Naki," anasema. "Mtu aione barabara."

Bati lilinyanyuka likarudi kwa kishindo, nikaamka.

Shingo ilikuwa imekakamaa. Blanketi lilikuwa limenizunguka kifuani kama kamba. Jogoo wa Mcharo alikuwa anawika, na upande wa pili wa ukuta wa udongo nilisikia turubai likikunjwa, halafu sauti ya mkanda ukivutwa.

"Naki."

"Abee, kaka."

"Usiifunge hiyo."

Kisha akaja mlangoni, mkanda bado uko mkononi.

"Nenda kamwamshe Mcharo," nikasema. "Mwambie nitalala mimi. Miguu mbele."

"Kaka, si lazima. Sitaki ufanye jambo ambalo..."

"Mama amekuja."

Aliketi ukingoni mwa kitanda changu. Hakuuliza alivaa nini wala kama alionekana mzima, maswali ambayo watu huuliza. Aliuliza, "Amesema nini?"

Nikampa maneno yote kama nilivyopewa. Jana aliwaeleza watu kwa nini kichwa kinainuka: pumzi, damu, kifua. Mambo ya macho, mgonjwa anaona nini, hakuyagusa. Sasa alikaa akiuzungusha ule mkanda kwenye kiganja, anauzungusha na kuufungua, kama afanyavyo anapokuwa ndani ya kitu na bado hajajua kitafungukia wapi.

"Siku ile ya kumshusha, mama alikuwa ananitazama mimi," akasema hatimaye. "Mliponiacha mlangoni. Wewe ulikuwa umeangalia njia, lakini yeye alikuwa ananitazama. Nilimpungia mkono mpaka mkapotea."

Hilo sikuwa nalijua. Miaka yote hii tumekaa nyumba moja, na sikulijua. Alianza kulia, si kwa sauti. Nikaacha alie. Halafu nikashusha miguu chini, nikatafuta shati langu gizani, nikalivaa.

Nje Mcharo alikuwa ameshaamka mwenyewe. Nilimsikia akikohoa na kumfokea jogoo wake. Nilijua atakachosema. Atasema Eliamini amerogwa na elimu ya mdogo wake. Atasema mengi, watu watacheka, na mwisho atashika bomba la mbele, kwa sababu hatakubali mwingine anishike.

"Utapiga picha ukiwa wapi?" nikamwuliza Naki.

"Pembeni. Nitatembea nanyi."

"Hapana," nikasema. "Wewe tangulia. Shuka mpaka barabarani, usimame pale mahali pa wazi, nikuone."