Mkarafuu wa Mama

Mjomba alipopiga simu kusema mkarafuu wa mama umepigwa radi, sikumwamini hata chembe. Mimi fundi umeme, na radi nimeisikia ikisingiziwa mambo mengi.

Kwetu Pemba shamba huweza kuwa la mtu mmoja na mkarafuu uliomo ukawa wa mwengine, maana mti ni wa aliyeupanda. Shamba lile karibu na Konde alilirithi mjomba. Mama alibakiwa na mkarafuu mmoja tu, alioupanda akiwa msichana, na ndio uliompa haki ya kuingia pale kwa babake bila ya kuomba ruhusa. Mti ukifa, haki nayo kwisha. Nani basi atafaidika? Mimi na mama tukiwa bado garini, hasira zilikwishanipanda.

Nilimwamkia mjomba kwa shingo upande, nikaenda moja kwa moja kwenye mti. Gome lilikuwa limebanduka mstari mmoja, kutoka juu hadi chini, lakini sikuona alama ya moto. Radi gani isiyounguza? Nikatafuta makovu ya panga. Hayakuwapo. Vipande vya gome vilikuwa vimeruka mbali, vyengine vimechomeka kwenye mihogo. Hapo ufundi wangu wenyewe ukanisuta: umeme hupita kwenye maji ya mti, maji yakageuka mvuke ghafla, na gome likapasuka kutokea ndani. Panga halifanyi vile.

Hata hivyo roho haikutulia, maana kando ya mti palikuwa na shimo, udongo wake bado mbichi.

"Mama, unaona? Majani ya juu hayajanyauka, na yeye keshaanza kung'oa mizizi!"

Mama alikuwa akitazama mche mdogo wa mkarafuu uliowekwa kivulini nyuma ya shimo, ungali kwenye mfuko wake wa plastiki.

"Mbona hukuupanda?" alimuuliza kaka yake.

"Shimo nishachimba mie, dada. Kupanda upande weye mwenyewe, asije ntu kesho akasema nti huu wangu."

Mama akapiga magoti, akaupasua mfuko, machozi yakimtoka. Mjomba akanikabidhi ndoo, nikaenda kuteka maji.